Gari limezima katikati ya hifadhi, la pili lina mafuta: unahamishaje petroli bila kutia mdomo?

#1 Mwana Kihonda

Wakuu, salaam. Naleta hili jambo nikiwa na uchungu, naomba tujadili kwa umakini.

Jumapili iliyopita tulikuwa magari mawili, tunatoka msibani Iringa kurudi Morogoro. Mimi mbele na IST, shemeji nyuma na Noah. Geji yangu ya mafuta inadanganya siku nyingi, na taa haiwaki. Tumeshaiacha Mikumi mjini, tumo ndani ya hifadhi, gari likakohoa mara mbili likazima. Saa kumi na moja jioni. Wanaoijua ile barabara wanaelewa: ni kama kilomita 50 za porini, huwezi kuacha gari ukaanza kutembea na kidumu kutafuta sheli. Nyati tunawaona kwa macho, upande wa kushoto.

Noah ilikuwa na zaidi ya nusu tenki. Tukasema hii si kazi, tuhamishe lita tano tusogee. Shemeji ni fundi ujenzi, ana mpira wa levo garini, ule mweupe unaoona maji ndani. Dumu la maji la lita 5 lilikuwepo. Mdogo wangu, miaka 19, akajitolea kuvuta kwa mdomo. Mara ya kwanza upepo. Ya pili upepo. Ya tatu akavuta kwa nguvu zote, petroli ikaja kwa kasi kabla hajatoa mpira mdomoni. Funda moja akameza, jingine likapita njia ya hewa. Alikohoa mpaka akapiga magoti kwenye lami, machozi na kamasi vinatoka, halafu midomo ikaanza kubadilika rangi. Tuliiacha IST pale pale na pembetatu zake, tukamkimbiza hospitali na Noah.

Amelazwa siku nne. Picha ya kifua ilionyesha pafu la kulia limechafuka. Sasa yuko nyumbani, anapumua vizuri, ila usiku bado anakohoa na mimi nakaa macho nahesabu.

Maswali yangu: njia salama ni ipi? Na kwa nini mpira ulileta upepo mara mbili, ya tatu ukaleta mafuta yote kwa pamoja?

#2 Kimara Mwisho

Pole sana mkuu, na dogo apone haraka. Ila hilo suala la geji lishughulikie wiki hii hii. Ukisafiri na gari ambayo hujui ina mafuta kiasi gani unasafiri gizani.

#3 Fundi Mchuma

Pole mkuu. Nikujibu la upepo kwanza.

Shingo ya tenki ya gari za siku hizi haijanyooka. Inashuka, inapinda, na gari nyingi mwisho wa shingo kuna kizuizi: nyingine wavu, nyingine valvu ya kuzuia mafuta yasimwagike gari likipinduka. Mpira wa levo ni laini na umekaa siku nyingi umeviringishwa, kwa hiyo ukifika kwenye kona unajikunja, ncha inarudi juu. Unadhani umezama kumbe unaning'inia juu ya mafuta. Mara ya tatu mtakuwa mmeusukuma ukapita. Pale ndipo dogo akavuta akitegemea upepo.

Kwa petroli, mimi sipiti kwenye shingo kabisa. Natumia pampu ya gari lenyewe. Toyota nyingi za miaka ya 90 zina kile kibox kidogo chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua kifuniko utaona matundu yameandikwa herufi. Unaunganisha +B na FP kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga stata, pampu ndani ya tenki inaanza kuunguruma. Kabla ya hapo unakuwa umeshafungua bomba la mafuta linalotoka kwenye filta na kuvalisha mpira uliokazwa kwa klipu, unaoingia kwenye dumu. Dumu linajaa lenyewe, hakuna mdomo.

Tahadhari tatu. Injini ipoe. Bomba lina mgandamizo kama baa 3, ukilifungua ovyo linakurushia petroli usoni, kwa hiyo zungushia kitambaa ufungue pole pole. Na usiache pampu inyonye mpaka tenki likauke, maana ile pampu inapoozwa na mafuta yenyewe.

#4 Bi Nesi wa Zamu

Poleni familia. Nafanya kazi wodini, naomba niseme la dogo kabla hamjaenda mbali na mabomba.

Petroli ikiingia tumboni ni mbaya. Ikiingia kwenye mapafu ni mbaya zaidi, hata kidogo sana. Ni nyepesi, inatanda haraka, inaunguza ngozi laini ya ndani ya pafu, na mtu anapata homa ya mapafu isiyoanzia kwa mdudu. Ndiyo maana kosa kubwa ambalo watu hufanya ni kumtapisha. Akitapika, ile iliyokuwa tumboni inapita tena kooni na kupata nafasi ya pili ya kuingia kifuani. Msimtie kidole, msimpe maji ya chumvi. Mtoeni kwenye harufu, mvueni nguo zilizolowa, asukutue mdomo na kutema, aketi, mkimbizeni hospitali hata kama anasema amepona. Dalili za kifua zinaweza kuchelewa saa kadhaa.

Mwana Kihonda, hicho kikohozi cha usiku usikizoee. Arudi kliniki, na akipata homa au kubanwa pumzi msisubiri tarehe ya kadi.

#5 Babu wa Usangi

Sisi zamani mtu akinywa mafuta ya taa tulimpa maziwa freshi glasi mbili, anapona. Nimeona kwa macho yangu watoto watatu. Hospitali ilikuwa mbali.

#6 Bi Nesi wa Zamu

Shikamoo babu. Sikatai uliyoyaona. Watoto wengi wanaokunywa mafuta ya taa hupona kwa sababu hayakufika kifuani, na pale maziwa yanapewa sifa. Yakiwa yamefika kifuani, maziwa hayayafuati huko. Na tumbo likijaa maziwa mtoto anatapika, tunarudi kule kule. Kwa heshima yako babu, maziwa tuyaache.

#7 Babu wa Usangi

Marahaba mwanangu. Lakini mama yangu alilea tisa kwa maziwa hayo.

#8 Mwalimu wa Vekta

Nifafanue mpira unavyofanya kazi, maana watu wanadhani kuna uchawi wa kuvuta.

Mdomo hauvuti mafuta. Ukinyonya unapunguza hewa ndani ya mpira, na hewa ya nje inayokandamiza mafuta ndani ya tenki inayasukuma yapande. Yakishavuka kilele na kushuka chini ya usawa wa mafuta yaliyomo tenkini, yanajiendesha. Kwa hiyo masharti ni mawili: ncha ya kutolea iwe chini kuliko usawa wa mafuta, na mpira usiingize hewa njiani. Magari mawili yakiwa barabara tambarare, tenki kwa tenki hutapata kitu cha maana. Weka dumu chini ardhini, au lenye mafuta lisimame juu ya mwinuko.

Kwa mkuu #1: mafuta yalikuja kwa ghafla kwa sababu ncha ya mdomoni ilikuwa imeshashuka chini ya usawa. Dogo aliinama. Kuanzia pale hakuwa anavuta tena, yalikuwa yanakuja yenyewe.

#9 Kijana wa Mlimani

Mwalimu, kwa heshima, hapo kwenye hewa pana mjadala. Mwaka 2010 mwanafizikia wa Australia, Stephen Hughes, alionyesha kwamba kamusi ya Oxford ilikosea kueleza mpira huu kwa mgandamizo wa hewa. Kinachoendesha ni uzito: upande mrefu unaoshuka ni mzito kuliko upande mfupi unaopanda, kwa hiyo unauburuta mwenzake kama mnyororo juu ya kapi. Na kuna vimiminika vimeshafanyiwa majaribio mahali pasipo na hewa, vikapita.

#10 Mwalimu wa Vekta

Nayajua. Lakini mnyororo una pete zilizoshikana, petroli haina. Bila hewa kuikandamiza, kwa vimiminika vya kawaida kile kilele kinakatika. Ndiyo maana maji hayavuki kilele cha zaidi ya mita 10 hivi. Na petroli ya mchana wa jua utaona vipovu vinajikusanya pale juu ya kona ya mpira mpaka mtiririko unakata. Huo ni mvuke wake unashindana na hewa. Kama ni uzito peke yake, vipovu vinatoka wapi?

#11 Kijana wa Mlimani

Vipovu vinaonyesha mnyororo unakatika, havionyeshi nani anauvuta.

#12 Dereva wa Tunduma

Hawa wasomi tuwaachie. Mimi nina miaka 17 njia ya Tunduma, nimehamisha mafuta mara nyingi kuliko nilivyohamisha nyumba.

Ndugu zangu, tofautisheni dizeli na petroli. Dizeli haishiki moto kirahisi, mvuke wake unahitaji joto la nyuzi 50 na ushee ndipo uwake. Petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hapa kwetu muda wote iko tayari. Mtu aliyezoea kunyonya dizeli kwenye Scania kisha akaenda na mazoea yale yale kwenye petroli ndiye anayeungua.

Dizeli ina usumbufu mwingine. Ikikata kabisa inaingiza upepo kwenye bomba. Hata ukiongeza lita 20 haiwaki mpaka utoe upepo: unalegeza nati pale juu ya filta, unapampu ile pampu ya mkono mpaka povu liishe na dizeli itoke safi, unakaza. Gari mpya zenye mabomba ya mgandamizo mkubwa msizifungue upande wa injini, ile inakata nyama.

#13 Mama Wawili

Dereva, na wewe hiyo dizeli uliyokuwa unahamisha mara nyingi hivyo, ilikuwa inahamia tenki la nani?

#14 Dereva wa Tunduma

Dada, ilikuwa inahamia kwa wenzangu waliokwama. Madereva wa kuuza wese la bosi wapo, siwatetei, wametuharibia jina wote. Siku hizi tajiri akiona geji imeshuka kidogo anapiga simu hata ukiwa umepita mlima Kitonga na mzigo tani 30. Lakini mwenzako amezima Igawa saa nane usiku, utampita?

#15 Nahodha Kilindoni

Assalaam aleikum jamaa. Huku Mafia hatutii mdomo. Kila boti ya injini ya nje ina mpira wenye pampu ya mkono katikati, kama yai la mpira mweusi. Ndani yake mna vibati viwili vya kuruhusu mafuta yaende upande mmoja tu, na nje pana mshale. Mshale uelekee unakopeleka. Ncha moja tenkini, nyingine kwenye dumu lililo chini, unaminya mara sita saba mpaka yai linakuwa gumu mkononi. Ukiachia, yanaendelea kushuka yenyewe. Maduka ya vifaa vya boti yanauza, na unakaa nao garini miaka.

Jambo moja tu: usichukue mpira uliotumika kwenye boti. Petroli yetu ya injini za zamani tunaichanganya na oili, moja kwa hamsini, na mpirani inabaki. Na chumvi pia.

#16 Fundi Mchuma

Nahodha umenena. Hiyo ndiyo njia rahisi kwa mtu asiye fundi. Wapo pia wanaouza mpira wenye kichwa cha shaba, ndani kina golori. Unauzamisha, unautikisa juu chini haraka haraka, golori inapanda na kushuka inasukuma mafuta mpaka yanavuka. Tatizo ni kile kichwa, kwenye shingo za gari nyingi hakipiti.

Na kama huna lolote: mipira miwili. Mmoja mrefu uzame kwenye mafuta, wa pili mfupi uishie hewani ndani ya shingo. Ziba mdomo wa shingo kwa kitambaa kilicholowa, halafu puliza kwa pampu ya baiskeli kwenye ule mfupi. Hewa inakandamiza, mafuta yanapanda kwenye mrefu. Msitumie kompresa, mtapasua kitu.

#17 Boda Nane Nane

Mnajisumbua. Simamisha bodaboda. Pikipiki za kabureta zina koki chini ya tenki. Zima injini, funga koki, chomoa ule mpira mdogo unaoingia kwenye kabureta, weka kidumu, fungua koki. Mafuta yanashuka yenyewe, lita moja na nusu inakutoa hifadhini. Nimewaokoa wengi hivyo, wananilipa bei ya sheli na soda juu.

#18 Boda wa Msamvu

Mwenzangu #17, pikipiki iliyotoka mbio ekzosti yake iko sentimita chache chini ya hiyo koki. Subiri ipoe kwanza. Nakuomba sana.

Nasema hivi kwa sababu niko Msamvu. Tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, lori la mafuta lilianguka pale. Watu wakaja na vidumu na ndoo, na boda wenzangu walikuwa wengi. Petroli ilikuwa inatembea mtaroni kama maji ya mvua. Sikuwa pale kwa sababu abiria alinipeleka Kihonda, basi. Nilirudi nikakuta moshi. Waliokufa walifika zaidi ya 100 baada ya wengine kufia Muhimbili. Tulizika wenzetu Kola.

Mpaka leo kijiweni hatukubaliani ilianzaje. Kuna anayesema sigara. Kuna anayesema mtu alikuwa anachomoa betri ya lile lori na nyaya zikapiga cheche. Kuna anayesema pikipiki iliwashwa. Mimi sijui ipi. Najua tu kwamba harufu ya petroli ikinifikia na watu wamejikusanya, naondoka.

#19 Mwana Kihonda

Nakumbuka siku hiyo. Mungu awarehemu. Asante kwa kuandika ndugu yangu.

#20 Msafiri wa Voi

Poleni majirani. Huku Kenya tuna Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009, zaidi ya watu 110. Hadithi ni ile ile, lori la mafuta na watu wenye mitungi. Sange kule Kongo, Julai 2010, wakafa zaidi ya 200, wengine wakiwa ndani ya vibanda vya video wanatazama Kombe la Dunia, hata hawakuwa wanachota.

Hili la mwisho ndilo linanifanya nisisitize: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, unatambaa chini, unaingia mtaroni, unaenda kumtafuta mwenye jiko. Mkihamisha mafuta, msisimame kwenye shimo au penye ukuta pande zote. Simameni penye upepo, na upepo upite ukitoka kwenu kwenda porini, usielekee magari mengine.

#21 Kimara Mwisho

Na simu zizimwe kabisa. Simu ndiyo inayolipua sheli.

#22 Kijana wa Mlimani

Mkuu, hilo la simu limesemwa sana, lakini moto mwingi wa wakati wa kujaza mafuta uliodaiwa ni wa simu, ulipochunguzwa ulionekana umetokana na umeme tuli wa mwilini: mtu anajisugua kwenye siti akishuka, anagusa nozeli, cheche inaruka. Petroli yenyewe pia ikipita kwenye mpira wa plastiki kwa kasi inabeba chaji. Ndiyo maana dumu linawekwa chini ardhini, halijazwi likiwa juu ya kapeti la buti wala kwenye plastiki ya nyuma ya pikapu. Gusa chuma cha gari kwanza kwa mkono mtupu, mbali na mdomo wa tenki, ndipo ufungue kifuniko.

#23 Kimara Mwisho

Basi sheli waondoe yale mabango. Hayajabandikwa bure. Na betri ya simu ikipasuka je?

#24 Fundi Mchuma

Mimi gereji nimeshuhudia moto mara mbili. Mara moja ni taa ya mkono ya balbu, ilianguka chini ya gari tenki likiwa wazi, kioo kikapasuka. Mara ya pili ni kijana aliyebana nyaya za pampu ya umeme kwenye betri dumu likiwa pembeni ya betri. Ile cheche ndogo ya kubana, kila fundi anaijua. Sasa kwangu sheria ni moja: pampu ya umeme inabanwa kwanza, dumu likiwa mbali, na swichi iko katikati ya waya. Simu sijaiona ikiwasha kitu, lakini vijana wangu nimewakataza kwa sababu mtu mwenye simu haangalii mkono wake.

#25 Mama Wawili

Niseme langu, halihusu mpira. Mume wangu alirudi kutoka kumsaidia jirani kutoa petroli kwenye gari la dizeli (wa sheli aliweka siyo). Ovaroli imelowa mapajani. Akaitupa nyuma ya mlango wa jikoni, mimi nina jiko la mkaa linawaka, nakaanga samaki. Nilisikia harufu, nikadhani inatoka barabarani. Halafu nikaona kitu ambacho siwezi kusahau: mwali wa bluu ulipita sakafuni, mwembamba, hauna sauti, kutoka jikoni kwenda mlangoni. Ovaroli ikawaka yote kwa mara moja. Mwanangu wa pili alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Nilimnyakua nikatoka naye, jirani akaja na ndoo ya mchanga.

Nguo yenye petroli haiingii ndani. Inaanikwa nje, mbali, mpaka harufu iishe, ndipo ifuliwe. Hili mlitie kwenye maelezo yenu yote ya mipira.

#26 Msafiri wa Voi

Huo mwali ndio niliokuwa nausema. Pole sana mama.

#27 Fundi Mchuma

Na dada ametukumbusha mchanga. Maji yakimwagwa kwenye petroli inayowaka, yanaisambaza. Mchanga, au ule mtungi wa unga wa kuzimia moto ambao trafiki anauulizia. Mtungi uwe mkononi mwa mtu wa pili aliyesimama upande upepo unakotokea, usiachwe chini ya siti. Moto ukiwazidi, 114 ya Zimamoto, na kimbieni.

#28 Dereva wa Tunduma

Trafiki wanauliza mtungi lakini mingi barabarani ni ya maonyesho, mshale umeshalala kwenye nyekundu. Angalieni yenu leo.

#29 Kimara Mwisho

Tusizunguke. Nunua galoni ya chuma, jaza lita 5, weka kwenye buti. Hakuna atakayenyonya kwa mdomo.

#30 Boda Nane Nane

Sheli nyingi hawakuwekei kwenye kidumu siku hizi. Na petroli kwenye buti, gari limesimama juani Dodoma, madirisha yamefungwa? Utaendesha na kichwa kinauma mpaka Singida.

#31 Kimara Mwisho

Nimesema ya chuma, yenye kifuniko cha mpira.

#32 Bi Nesi wa Zamu

Hata ya chuma, isikae ndani ya gari lenye watoto. Harufu ile tu inatosha kuwalevya.

#33 Mwalimu wa Vekta

Kwenye #1 kuna kitu kimepita bila kusemwa. Dumu lilikuwa la maji. Maji hayachanganyiki na petroli, ni mazito zaidi, yanalala chini kabisa ya tenki, ambako ndiko pampu inakonyonya. Funda moja la maji linatosha kulifanya gari likohoe upya. Dumu likaushwe, na ukimimina ndani ya IST, la mwisho lile lililobaki kwenye dumu, kiasi cha kikombe, usilimimine.

#34 Mwana Kihonda

Wakuu, mrejesho.

Dogo amerudi kliniki jana. Daktari amesikiliza kifua, amesema panasafishika, amempa tarehe nyingine. Bi Nesi, asante, nisingempeleka.

Nimenunua mpira wa Nahodha, ule wenye yai. Leo asubuhi saa moja, jua halijakali, tumefanya jaribio uwanjani kwa shemeji. Noah tumeipandisha kwenye mwinuko wa geti, dumu kavu la lita 5 chini kwenye udongo. Shemeji na mtungi wa moto, mimi na mpira. Nimeukata ule mpira mshazari kwenye ncha na kuunyoosha kwa maji ya moto usiku uliopita, ukakaa umefungwa kwenye fimbo mpaka asubuhi. Uliposhuka kwenye shingo niliusikia unagusa kitu, nikauzungusha kidogo, ukapita. Nikaminya mara nane. Kwenye kile kipande cheupe cha mwisho nikaona petroli inakuja na mapovu, halafu mapovu yakaisha, ikawa kama kioo. Lita tano zimechukua kama dakika mbili. Dogo alikuwa amekaa barazani, mbali, anatazama. Hakusema kitu.

Halafu tukajaribu kinyumenyume, kutoka IST. Mpira umegoma kabisa. Unaingia kama mkono mmoja, unafika mwisho, hauendi. Nimezungusha, nimevuta, hakuna. Na IST haina kile kibox cha DIAGNOSIS chini ya boneti.

#35 Fundi Mchuma

IST kibox hicho hakuna, ni soketi ya chini ya dashibodi na haina FP. Usilazimishe mpira, ukikwama ndani utashusha tenki. Kwa hiyo inabidi kupitia siti ya nyuma: nyanyua kalio la siti, utaona kifuniko cha bati kimebandikwa kwa gundi nyeusi, chini yake ndiyo kichwa cha pampu. Hiyo ni kazi ya gereji, milango yote minne wazi, betri imechomolewa. Siyo ya porini.

#36 Nahodha Kilindoni

Au ni ule wavu. Jaribu mpira mwembamba zaidi, wa milimita 8.

#37 Kijana wa Mlimani

Au ni ile valvu ya kupinduka. Kama ni valvu, hata wa milimita 6 hautapita.

#38 Mama Wawili

Na gari la kuvuta magurudumu manne? La kwangu fundi aliniambia tenki limepanda juu ya shafti kama tandiko la punda, lina vyumba viwili. Mpira ukiingia utafika chumba kimoja tu. Cha pili nakitoaje?

#39 Fundi Mchuma

Dada, ni kweli. Taja gari na mwaka, nikuangalizie kesho nikiwa gereji.